Nimepata 4 na −1, nitupe gani? Kwadratiki na mpira uliorushwa juu

Swali:

"Mwalimu habari yako. Niko Fomu 3 hapa Kisumu. Kwa fizikia tulipewa swali, mpira unarushwa juu wima kutoka balkoni iliyo mita 20 kutoka chini, spidi ni mita 15 kwa sekunde, tutafute utagonga chini baada ya sekunde ngapi. Nikatumia kwadratiki nikapata 4 na −1. Mwalimu wetu akasema hiyo negativu tupa, nikatupa. Sehemu iliyofuata wakauliza mpira utakuwa mita 30 kutoka chini saa ngapi, nikapata 1 na 2, nikatupa 2 ju nilijua lazima moja itupwe, nikakosa maksi. Sasa nitajuaje ya kutupa? Rafiki yangu hatumii kwadratiki kabisa, anagawa safari ya kupanda na ya kushuka na bado anapata 4. Pia sielewi venye wengine wanaweka 10 na wengine −10, na mbona uzito wa mpira hatukupewa? Hii topiki imeanza kunitia baridi na mtihani uko karibu."

Jibu:

Mwanangu, kwanza tulia, manake mtu aliyefika kwa 4 na −1 bila kuibia jirani huyo hesabu anaijua. Kilichokushinda si kwadratiki. Umepewa sheria ya kutupa jibu bila kuelezwa majibu hayo mawili yanasema nini, ndo maana ulipofika kwa 1 na 2 ukatafuta la kutupa kwa lazima, hata kama hakuna aliyekuambia utupe. Mwalimu wako hakukosea kusema negativu itupwe kwa swali lile. Ila hiyo haikuwa sheria ya kwadratiki, ilikuwa sheria ya swali lile peke yake, na hapo ndo tunaenda kukaa.

Hebu weka fomula kando kidogo. Chukua huo mpira wako wa balkoni na uufuate sekunde moja moja kwa kichwa tu, tukitumia graviti ya 10 kama mlivyoambiwa. Maana ya hiyo 10 ni kwamba kila sekunde inayopita, velositi (spidi pamoja na upande inakoelekea, negativu ni kushuka) ya kwenda juu inapungua kwa 10, basi, hakuna uchawi mwingine. Unaanza na 15. Baada ya sekunde moja imebaki 5. Kwa hiyo katika sekunde ya kwanza wastani wa spidi ni 10 (katikati ya 15 na 5), mpira umepanda mita 10, ulikuwa 20 sasa uko 30. Sekunde ya pili velositi inatoka 5 inaenda hadi −5, yaani mpira umepanda kidogo, umesimama, umegeuka na kurudi, wastani ni sifuri, kwa hiyo mwisho wa sekunde ya pili uko tena palepale mita 30. Sekunde ya tatu inatoka −5 hadi −15, wastani −10, umeshuka mita 10, uko mita 20, unapita mbele ya balkoni uliporushwa. Sekunde ya nne inatoka −15 hadi −25, wastani −20, umeshuka zile 20 zilizobaki, umegonga chini.

Umeona? Bila ikwesheni yoyote tumepata kwamba mpira uko mita 30 mara mbili, sekunde ya 1 ukipanda na sekunde ya 2 ukishuka, na uko chini sekunde ya 4. Ile 2 uliyoitupa ni mpira wenyewe kabisa ukiwa hewani unarudi, mtu aliye mita 30 juu angeuona ukipita mara mbili. Swali liliuliza saa ngapi, halikusema ukipanda, kwa hiyo majibu yote mawili yana maksi.

Sasa fanya kitu ambacho madarasani huwa hakifanywi, rudi nyuma sekunde moja kabla ya mpira kurushwa. Kama kila sekunde velositi inapungua kwa 10, basi sekunde moja kabla ya 15 ilikuwa 25. Wastani wa 25 na 15 ni 20. Mpira ulipanda mita 20 kwa hiyo sekunde, na balkoni iko mita 20, kwa hiyo ulikuwa chini kabisa ardhini. Ndo hiyo −1 yako! Inasema hivi, kama kuna mtu amesimama chini akaurusha mpira juu kwa spidi ya 25, utapita mbele ya balkoni sekunde moja baadaye ukiwa na spidi ya 15, na kuanzia hapo safari yake na ya mpira wako haziachani hata kidogo. Ikwesheni haikujua nani aliurusha wala saa ngapi. Wewe uliiuliza "ni lini huu mwendo uko kwenye urefu wa sifuri?" nayo ikakujibu kwa uaminifu, nyakati mbili. Kusema saa ilianza kuhesabu kwa balkoni ni kazi yako wewe uliyesoma swali, ndo maana −1 unaitoa, si kwa sababu ni takataka.

Na si yaliyopita tu ambayo ikwesheni haiyajui, haijui hata kama kuna ardhi. Weka t = 5 kwa ikwesheni yako, h = 20 + 15t − 5t² (h ni urefu kutoka chini, t ni sekunde), uone, utapata 20 + 75 − 125, yaani −30. Inakuambia mpira uko mita 30 ndani ya udongo. Kwa hivyo kabla uandike jibu, liulize swali mambo mawili. Hii saa iko ndani ya safari yenyewe, kutoka kurushwa hadi kugonga? Na swali limesema ukipanda, ukishuka, au limenyamaza? Kama majibu yote mawili yako ndani ya safari na swali limenyamaza, andika yote mawili. Kama limesema "ukishuka", unachukua 2 na kuacha 1, ingawa 1 ni positivu na haina kosa lolote.

Sasa hiyo skwea inatoka wapi. Wanafunzi wengi wanameza fomula ya s = ut + ½at² (s umbali, u velositi ya mwanzo, t muda, a aksilereshoni, yaani velositi inabadilika kiasi gani kila sekunde) kama dawa, hawajui imetoka wapi. Tulichofanya hapo juu ndo hiyo fomula. Velositi inabadilika kwa mstari ulionyooka, umbali ni wastani wa velositi mara muda. Velositi ya mwanzo ni 15, ya mwisho ni 15 − 10t, wastani wake ni 15 − 5t, zidisha na t upate 15t − 5t². Muda umeingia mara mbili, mara ya kwanza kwa kupunguza velositi na mara ya pili kwa kuhesabu umbali, kwa hivyo lazima t skwea itokee. Ongeza mita 20 za balkoni, umemaliza. Ukichora grafu yake unapata ule mkunjo wa parabola, na laini iliyolala ya urefu wowote inaweza kuukata mahali pawili, au kuugusa mahali pamoja tu, au kuukosa kabisa.

Huo mkunjo ndo unakuonyesha kazi ya ile diskriminanti (b² − 4ac) mnayofundishwa upande wa hesabu kana kwamba haina maana. Uliza mpira uko mita 30 lini, unapata t² − 3t + 2 = 0, diskriminanti ni 9 − 8 = 1, positivu, nyakati mbili. Uliza uko mita 31.25 lini, inakuja t² − 3t + 2.25 = 0, diskriminanti ni sifuri, wakati mmoja tu wa 1.5, hapo ndo kilele. Uliza uko mita 35 lini, t² − 3t + 3 = 0, diskriminanti ni 9 − 12 = −3, kalkuleta inakuandikia era. Hiyo si kalkuleta kuharibika. Inakuambia mpira haufiki mita 35, umeuliza kitu ambacho hakitokei. Kwa pepa andika hivyo hivyo kwa maneno, mpira haufiki huo urefu.

Tuje kwa rafiki yako. Usimcheke na pia usimwonee wivu, njia yake ni sahihi. Anasema kupanda ni 15 gawa kwa 10, sekunde 1.5, hapo mpira umepanda mita 11.25 na uko mita 31.25. Kushuka anaanza na spidi ya sifuri, 31.25 = 5t², t² ni 6.25, t ni 2.5. Anajumlisha, 4. Hata ile ya mita 30 inaingia, kutoka kilele hadi mita 30 ni mita 1.25, t² ni 0.25, t ni nusu sekunde, kwa hivyo ni nusu sekunde kabla ya kilele na nusu baada yake, 1 na 2. Na kitu ambacho pengine yeye mwenyewe hajui, hiyo njia yake ndo ile mnaita kukamilisha skwea. Andika h = 31.25 − 5(t − 1.5)², fungua mabano, utarudi kwa ikwesheni yako ileile. Kilele kiko wazi kinaonekana, 31.25, na saa ya kilele 1.5, ambayo pia iko katikati kabisa ya −1 na 4. Kwa hivyo hata ile −1 unayoitupa ina kazi, ijumlishe na 4 ugawe kwa mbili, umepata saa ya kilele bila kuhangaika.

Mimi ukiniuliza, njia ya rafiki yako naipenda kwa kujicheki na kwa swali linalouliza kilele. Lakini ina sehemu nyingi za kuteleza, unahesabu mara mbili, ukikadiria desimali kule juu kosa linashuka nawe hadi chini, na watu husahau kujumlisha mwisho wanaandika 2.5. Kwadratiki inakupa safari yote kwa ikwesheni moja. Kama namba zinafakta vizuri, fakta. Kama hazifakti usipoteze dakika tano ukitafuta, ingia kwa fomula moja kwa moja. Mfano, pepa ikisema graviti ni 9.8, swali lako hilohilo linakuwa 4.9t² − 15t − 20 = 0, hapo hakuna kufakta, fomula inakupa kama 4.07. Kwa hivyo soma maelekezo ya pepa, wakisema 10 ni 10, wakisema 9.8 ni 9.8.

Hii ya 10 na −10 sasa, manake hapa ndo maksi nyingi zinamwagika kuliko hata kwenye kutupa jibu. Wote wawili wako sawa, ilimradi kila mmoja achague upande mmoja na asihame. Ukisema juu ni positivu, basi velositi ni +15, graviti ni −10, na ardhi iko −20 kutoka mkononi mwako. Unapata −20 = 15t − 5t². Ukisema chini ni positivu, velositi ni −15, graviti +10, ardhi iko +20, unapata 20 = −15t + 5t². Zihamishe zote upande mmoja, ni ikwesheni moja, t² − 3t − 4 = 0. Shida ni yule anayechanganya. Akiandika 20 = 15t − 5t² ameuliza mpira utakuwa mita 20 juu ya balkoni lini, na huo mpira unapanda mita 11.25 tu, kwa hivyo anapata era na anaanza kulaumu kalkuleta. Huyo ana bahati, angalau ameona kuna shida. Mwenye hatari ni anayeandika 20 = 15t + 5t², anapata 1 na −4, anatupa −4 anaandika 1 kwa raha zake. Jibu limetoka safi, ila amejibu swali la mpira uliotupwa kwenda chini. Ndo maana nakuambia chora. Mshale mdogo unaoelekea juu ulioandikwa "+", alama ya balkoni, alama ya ardhi, kabla ya namba yoyote. Haichukui hata nusu dakika.

Uzito hawakuwapa kwa sababu unajikata wenyewe. Kitu kizito kinavutwa na ardhi kwa nguvu kubwa zaidi, kweli, lakini pia ni kigumu zaidi kusukumika, na hizo mbili zinaongezeka sawasawa. Nguvu ni mg (m ni masi ya kitu, g ni graviti), ikigawanywa na m inabaki g. Unyoya wa kuku unachelewa kushuka kwa sababu ya hewa. Mwaka wa 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa mwezini, mahali hakuna hewa, vikagonga chini wakati mmoja, video yake iko YouTube unaweza kuitafuta. Na ukiwa hapo usije ukaandika kwamba kwenye kilele aksilereshoni ni sifuri. Velositi ndo sifuri. Graviti haipumziki hata mpira ukisimama, ingepumzika mpira ungebaki umening'inia.

Mkishafika kwa vitu vinavyorushwa vikienda mbele, usiogope, ni mwendo huohuo na mwingine wa kawaida umewekwa kando yake. Kwenda mbele hakuna kinachobadilika (tukiacha hewa), kwenda juu ni hii hadithi yetu ya kupungua 10 kila sekunde. Chukua friki (mpira wa adhabu) ya pale uwanja wa Mamboleo, na kama wewe ni wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, basi fikiria ni yenu. Mchezaji anaupiga mpira kutoka chini, mbele unaenda mita 10 kwa sekunde na juu unaanza na 10 kwa sekunde. Umbali wa mbele ni x = 10t, urefu ni y = 10t − 5t². Toa t, weka x gawa kwa 10, unapata y = x − x²/20. Muda umetoka kabisa, imebaki kwadratiki ya umbali. Mwamba wa goli uko mita 2.44. Akipigia mita 16.5 kutoka goli, pale kwa laini ya boksi, mpira unafika ukiwa urefu wa mita 2.89 hivi, juu ya mwamba, mashabiki wanashika vichwa. Akiurudisha nyuma hadi mita 18, teke lilelile, unafika mita 1.8, nyavuni kama kipa hayupo. Uliza sasa ni wapi mpira una urefu wa 2.44 kamili, x² − 20x + 48.8 = 0, unapata takriban 2.84 na 17.16. Zote positivu! Utupe gani? Hakuna. Ya kwanza ni mpira ukipanda, hapo ungepitia chini ya mwamba kama goli lingekuwa karibu kuliko mita 2.84, ya pili ni ukishuka. Goli likiwa popote katikati ya hizo mbili mpira unapita juu. Mpigaji wa friki anajali ya pili.

Niseme ukweli pia, hewa ipo. Friki ya kweli inapinda na kupungua spidi, na mkuki ndo kabisa usiutumie kama mfano wa parabola, kwa sababu unaelea kwa hewa. Julius Yego aliporusha mita 92.72 kule Beijing mwaka wa 2015 akawa bingwa wa dunia, hakuwa anafuata fomula yetu hii. Kwa mpira mzito mdogo unaotoka balkoni ya mita 20, fomula iko karibu sana na ukweli, na kwa pepa huwa wanasema upuuze hewa.

Lini utafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana? Kama umesoma hadi hapa na hadithi ya sekunde moja moja imekuingia lakini ukiandika bado ishara zinapotea, shida yako iko kwa aljebra ya nyuma, kufungua mabano na negativu mara negativu, na hiyo maelezo ya simu hayatibu. Mpelekee mwalimu wako kitabu chenye kazi yote, hata iliyofutwa, usimpelekee jibu la mwisho tu, manake kosa linaonekana katikati. Huhitaji tyusheni ya kulipia kwa hili, wewe na huyo rafiki yako mkikaa prepu mbili kila mmoja akifanya kwa njia ya mwenzake mtafika. Kama ubaoni unaona alama za kutoa zikiwa ukungu, ukichanganya 3t na 3t² kwa sababu huoni kale kadogo ka juu, mwambie mzazi akupeleke ukapimwe macho, nasema hivi nikimaanisha, kuna watoto wanaitwa wazembe na shida ni miwani tu. Na kama hiyo baridi ya mtihani inakunyima usingizi au chakula, hiyo si ya mwalimu wa fizikia, mwone mwalimu wa ushauri shuleni mapema.

Nakuachia moja ufanye kwa mkono. Balkoni ya mita 15, mpira unarushwa juu kwa mita 10 kwa sekunde, graviti 10. Tafuta unagonga chini lini, uko mita 15 lini, na uko mita 25 lini. Utapata jibu la negativu kwa ya kwanza, kabla hujalitoa niandikie mtu aliye chini angerusha kwa spidi gani ili aupitishe mpira kwa hiyo balkoni. Kwa ya pili utapata sifuri kama moja ya majibu, usilikimbie, angalia mpira ulikuwa wapi saa hiyo.